Chumba Alichokiacha Fundi

Beni, 14 Januari 2001

Kwa mdogo wangu Salomon,

Salamu katika jina la Bwana. Hapa wote ni wazima isipokuwa paa.

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, kwa sababu ndani kila mahali pamejaa mabeseni. Watu wanasema huu ni mwezi wa jua, lakini mvua ya juzi haikuwa na habari hiyo. Unaijua nyumba hii. Marehemu mume wangu aliiezeka mwaka tuliooana, kwa mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Yamevumilia miaka ishirini na sita. Sasa yamechoka, na siyalaumu.

Wiki iliyopita Kavugho, yule muuza ndizi wa hapa mtaani, alijifungua humu kwangu mtoto wa kike. Kabla sijamfunga kitovu, tone likamwangukia kwenye paji la uso. Wanawake walicheka wakisema amebatizwa bila mchungaji. Nilicheka nao, kisha nikaenda jikoni kulia.

Siku mbili baadaye akaja daktari wa zone ya afya. Si mtu mbaya. Alipitisha mkono chini ya godoro, akautoa umelowa, akanionyesha. Akasema: «Mama Jokébed, kazi yako iko muzuri, mais hii paa itaua mutoto. Tarehe kumi na tano ya mwezi wa tatu nitarudia. Kama maji ingali inaingia, vitanda na vyombo napeleka ku hôpital, maternité inafungwa.»

Salomon, kutoka mtaa wetu hadi hospitali kuna barrière mbili za askari. Mwanamke akishikwa na uchungu saa ambayo barrière imefungwa, atazaa barabarani mbele ya askari. Ndiyo maana wanakuja kwangu, kama walivyokuja hata kabla ya vita; nimewazalisha humu miaka kumi na sita. Siwezi kukubali kufungiwa na maji.

Wewe ndiye muuza vifaa vya ujenzi, tena unajisifu mtaa mzima wa Kimemi. Nitafutie fundi, na uniambie tuezeke kwa nini. Jirani yangu Vagheni anasema majani. Mke wa mchungaji anasema vigae kama vya mission. Mimi nasema chochote kisichovuja.

Binti yangu Shalom anaendeleaje huko kwako? Tangu Noeli amekuwa mvivu wa kuandika. Mwambie kalamu haiumi.

Dada yako,
Jokébed


Butembo, Kimemi, 22 Januari 2001

Yaya Jokébed, dada yangu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Henri, dereva wa lori, ikiwa imekunjwa ndani ya kofia yake. Nimeisoma mara mbili. Usilie tena jikoni. Moshi unatosha.

Sasa nisikilize kama mteja, si kama dada. Majani, hapana. Siku hizi risasi moja ikipotea njia, nyumba ya majani inakwisha kabla hujatoa mtu kitandani. Vigae ni vizuri, lakini ni vizito, na mbao zako za zamani hazitavibeba. Tena vinatoka Lubero, na kwa barabara hii hadi Beni ungepokea kokoto. Basi ni mabati. Lakini bati na bati si sawa. Yanapimwa kwa BG, na hapo ndipo wengi wanadanganywa, maana namba ikipanda, unene unashuka. BG 28 ni bati la mtu anayetaka wajukuu walikute. BG 35 ni bati la mtu anayetaka kuonekana Jumapili moja tu.

Kuna jambo jingine la nyakati hizi. Bati jipya linang'aa, na linaonekana kutoka mbali. Mtu mmoja wa hapa mtaani aliezeka vizuri mwezi wa kumi na moja. Askari waliliona paa lake kutoka barabarani, wakaja kukaa humo, na mwenye nyumba hadi leo analala kwa shemeji yake. Kwa hiyo nakuongezea makopo ya antirouille, ile rangi ya kahawia inayofanana na kutu. Paa lako litakuwa jipya kwa mvua na zee kwa askari.

Kuhusu fundi, nimebisha milango sita. Wote wanaogopa njia ya Beni. Mmoja tu amekubali, anaitwa Phinées. Alisita sana, lakini amekubali. Hakuna anayemshinda kwa kuezeka hapa Butembo. Ila ni mtu wa haya, hasa mbele ya wamama. Ukimwona hivyo, usishangae.

Shalom ni mzima. Ni mwaka wake wa mwisho wa uuguzi, masomo yamemkaba, ndiyo maana haandiki.

Mdogo wako,
Salomon


Beni, 8 Februari 2001

Salomon,

Fundi amefika, mabati yamefika. Sijui nianze na lipi katika haya mawili yaliyonichukiza.

Nianze na mabati. Fundi wako aliteremsha moja kutoka kwenye lori, akalishika kwa vidole viwili, likakunjika kama karatasi hii. Nilikuwa nimesimama pale pale. Badala ya kusema na mimi, akamgeukia Vagheni: «Papa Vagheni, umuambie Mama hii manjanja, hii bati, iko BG 35. Mvua ya mawe moja tu, inakuwa kichujio.» Akayarudisha yote kwa Henri. Ndugu yangu, wewe uliyenifundisha habari ya namba! Wewe wa Jumapili moja! Mama yetu angekuwa hai angekuchapa, na ndevu zako hizo.

Sasa fundi mwenyewe. Kijana mrefu, safi, mikono ya kazi. Lakini haniangalii machoni. Nikitoka mlango wa mbele, anazunguka nyumba. Sikumpa mkono, kwa sababu wake aliuficha nyuma. Analala kwa Vagheni, na chakula changu anakila huko huko akiwa amegeukia ukuta. Nyumba ameipima yote kwa nje kwa kamba. Vipimo vya ndani amemtuma Vagheni, mzee wa watu, akapanda juu ya meza na magoti yake mabovu. Nami nikimwuliza swali, jibu linapitia kwa Vagheni kana kwamba nasema Kichina.

Nina miaka hamsini na mbili. Mtu anayekwepa macho yangu ana kitu mfukoni. Nimeanza kuhesabu misumari kila jioni.

Zimebaki siku thelathini na tano. Nitumie bati la wajukuu.

Jokébed


Butembo, 12 Februari 2001

Yaya,

Niko chini ya miguu yako. Yale mabati yalikuwa yamenilalia ghalani tangu mwaka jana, hakuna aliyeyataka. Nilijiambia huko Beni hakuna atakayejua tofauti. Nilifanya vibaya, na nimeona aibu kuliko nilivyodhani ningeona. Mke wangu hajanisemesha tangu juzi.

Sasa nakutumia mabati thelathini na sita ya BG 28, misumari yenye kofia, na mbao za mkaratusi zilizokauka mwaka mzima, si zile mbichi zinazojipinda zikishapigwa jua na kung'oa misumari. Yote yako chini ya magunia ya viazi. Henri atafanya kama anavyofanya kila safari. Askari akiuliza anabeba nini, atajibu: «Ni birayi ya Lubero, chef.» Watachukua gunia moja wakapike, na mabati yatapita.

Kuhusu fundi, naomba unisikie. Ni yeye aliyekataa mabati yangu mabovu, ingawa mimi ndiye niliyemleta. Mwizi angenyamaza. Kuna mambo mengine ambayo kinywa changu hakina ruhusa ya kuyasema. Mwache afanye kazi.

Salomon


Beni, 28 Februari 2001

Salomon,

Mabati mazuri yalifika yote. Nakushukuru kwa hilo, wasingya, asante. Furaha yangu imeishia hapo.

Kwa siku kumi fundi wako alifanya kazi ambayo sijawahi kuiona. Alibomoa mapipa ya zamani, akaweka mbao mpya, akafunika chumba cha kwanza cha wazazi wanaojifungua, cha pili, na sebule. Hakuna msumari mmoja uliopinda. Alipaka ile rangi ya kahawia, na Jumatano iliyopita askari walipita hapa mbele bila hata kuinua kichwa. Nilikuwa nimeanza kumpenda.

Kisha akafika kwenye ukuta wa chumba changu cha kulala, akashuka, akakaa.

Leo ni siku ya tano. Amekaa chini ya mparachichi wa Vagheni ananoa msumeno ambao ulikwisha kunolewa. Mabati kumi na moja yapo, mbao zipo, misumari ipo. Nimemwuliza sababu. Anainamisha kichwa. Anamwambia Vagheni mbao bado kidogo zikauke. Mbao zile zile! Kesho yake anasema upepo ni mwingi. Hata jani halitikisiki. Na Vagheni, mtu mzima, shemasi, anageuka pembeni kucheka.

Unaelewa maana yake? Chumba changu na chumba cha pili cha wazazi vinachangia ukuta mmoja. Jana mvua ilinyesha, maji yakaingia kwangu, yakapita chini ya mlango hadi kitanda cha uzazi. Chumba changu kikibaki na mapipa yake ya zamani, maternité yote imelowa. Daktari atapitisha mkono wake pale pale.

Leo nimemwita mwizi kwa sauti, mtaa mzima ukisikia, kwamba anangojea nichoke aondoke na mabati kumi na moja. Aliendelea kunoa msumeno. Jumanne ijayo kama hajapanda, namwita chef de quartier, mkuu wa mtaa.

Siku kumi na tano, Salomon.

Jokébed


Butembo, 3 Machi 2001

Mama yangu mpendwa,

Mjomba Salomon ameisoma barua yako, akaiweka mezani, akatoka nje. Ndipo nikaichukua. Nakuandikia bila ruhusa ya mtu yeyote, na baba mdogo Kahongya akijua, huko Lubero atanikasirikia mwaka mzima. Lakini siwezi kukaa hapa kimya wakati unamwita Phinées mwizi.

Mama, Phinées si mwizi. Ni mkwe wako.

Mwezi wa kumi na mbili wazee wa kwao walikwenda Lubero kwa baba mdogo na mbuzi wa kwanza wa mahari. Mbuzi alipokelewa. Baba mdogo akasema ni yeye atakayekuja kukuambia mwenyewe, kwa heshima, baada ya Pasaka, na kwamba kabla ya hapo mimi na ukoo wako wote tufunge mdomo, kwa sababu neno hilo ni la upande wa baba. Ndiyo maana sikuandika. Sikuweza kukuandikia habari za masomo na hali ya hewa huku nimebeba jambo kubwa hivi.

Mjomba alipokosa mafundi, Phinées alisema: «Nitaenda. Ni mama ya Shalom, siwezi kuacha anyeshewe.» Alidhani atapata njia ikifika zamu ya chumba chako. Hakuipata. Wewe mwenyewe ulitufundisha sisi wasichana kwamba mkwe hapiti mahali mama mkwe anapolala, hata kwa macho. Sasa afungue paa juu ya kitanda chako, asimame hapo kwa miguu, atazame chini? Ameniandikia kwamba ni afadhali aitwe mwizi kuliko kukukosea adabu. Ameniandikia pia kwamba hapati usingizi kwa sababu ya tarehe kumi na tano.

Nampenda, Mama. Nilitaka kukuambia nikiwa nimekushika mikono, na sasa nimekuambia kwa mkono wa Henri. Nisamehe.

Shalom wako


Beni, 7 Machi 2001

Shalom mwanangu,

Nilisoma barua yako nimesimama uani. Nilicheka hadi Vagheni akaja mbio kuuliza kumetokea nini. Nilipomtazama nikaelewa kwamba na yeye alijua tangu siku ya kwanza. Shemasi mzima!

Mimi, ambaye nimewafundisha wasichana wa kanisa hili adabu za ukwe kwa miaka, nimeletewa adabu yote mlangoni kwangu, na nikahesabu misumari! Mkono uliofichwa, njia ya kuzunguka nyumba, chakula cha kugeukia ukuta. Hata kipofu angeona. Nimeona haya, mwanangu, halafu nimejaa furaha kiasi kwamba nilichoma maharagwe.

Nimemfikiria sana huyo mtu wako. Alitukanwa mbele ya mtaa mzima, na neno moja tu lingemtoa aibu. Hakulisema. Nimezalisha wanawake wengi ambao waume zao hawana hata nusu ya moyo huo. Umechagua vizuri.

Lakini paa lilikuwa bado halijakwisha. Vagheni akanishauri nisafiri hadi Mangina kwa wiki moja ili fundi apande. Nikakataa. Chumba ni changu hata nikiwa safarini. Mtu akiwa na adabu ya kweli hadanganyiki na safari. Nikawaza siku nzima, na jioni nikaona kwamba jibu halikuwa kwa fundi. Lilikuwa kwangu.

Jana asubuhi nilitoa kitanda changu nje. Kisha sanduku, kisha nguo, kisha picha ya baba yako. Nilisugua sakafu, nikapaka chokaa ukutani hadi mabega yakauma. Humo ndimo nilipoingia nikiwa bibi harusi, na humo baba yako alifia. Nililia kidogo, sikufichi. Kisha nikaingiza kitanda cha uzazi na kuwaita wanawake wa mtaa washuhudie. Nikasema: «Bamama, tangu leo hii chumba haiko yangu tena. Iko ya bote benye kuzala.»

Kavugho akauliza: «Na weye utalala wapi?»

Nikamwambia: «Mu ile kachumba ya pembeni ya jikoni. Kuko joto, na iko majani juu, Vagheni alishaifunika.»

Walipiga vigelegele hadi wapita njia wakasimama. Ndipo nikamgeukia Vagheni, kwa sauti ya kumfikia aliye chini ya mparachichi: «Papa Vagheni, umuambie fundi, kule hakuna tena chumba ya mama mukwe. Apande.»

Shalom, hakungoja Vagheni afungue kinywa. Alikuwa juu ya ukuta na nyundo mkononi. Na mimi niligeuza uso wangu upande mwingine, kama inavyonipasa.

Baba yako mdogo akija baada ya Pasaka na habari yake, usiwe na wasiwasi. Nitashangaa vizuri sana.

Mama yako


Beni, 16 Machi 2001

Kwa Salomon na Shalom, msome pamoja,

Paa lilikamilika tarehe kumi na moja. Mabati yote thelathini na sita yamelala mahali pake, na hakuna kipande kilichobaki hata cha kufunikia sufuria. Fundi hakutaka kuondoka. Alimwambia Vagheni kwamba fundi anayeondoka kabla ya mvua ya kwanza ni mpiga ramli. Nikasikia, nikajifanya sikusikia. Nilipeleka kuku mzima kwa Vagheni.

Jana nilivaa kitenge cha sikukuu tangu asubuhi. Eliane, mke wa mwalimu, alishikwa na uchungu saa nne, nami nikamweka katika kile chumba cha tatu, kilichokuwa changu. Saa sita mbingu ikawa nyeusi upande wa mlima. Saa saba daktari akafika kwa pikipiki, na mvua ikafika pamoja naye. Si mvua ya kawaida. Ilikuwa na mawe ndani yake. Nilipoyasikia yakipiga nilikumbuka yale ya BG 35, Salomon, na nilikusamehe tena kwa shida.

Daktari alianza na chumba cha kwanza. Alipitisha mkono chini ya godoro. Mkavu. Cha pili, akapiga magoti, akapapasa ukuta kuanzia chini hadi juu, mahali maji yalipokuwa yakipita. Mkavu. Alitazama kila pembe kwa tochi. Nje, fundi alikuwa anaizunguka nyumba kwenye mvua ile, ameinua uso anakagua kila ukingo, amelowa hadi mifupani. Nilitamani kumwita ndani. Sikuweza, mnajua. Vagheni alimpelekea gunia ajifunike.

Tulipofika chumba cha tatu, Eliane alikuwa anasukuma. Daktari akavua koti, akanawa, akashika taa, nami nikapokea mtoto. Mvulana, mzito, mwenye hasira. Nikamwinua juu chini ya bati lile lililokuwa linanguruma, nikangoja, kama mjinga, tone limwangukie. Halikuanguka. Nikangoja tena. Hakuna. Nikalia mbele ya daktari, na safari hii sikukimbilia jikoni.

Daktari akasema kitu. Kwa kelele ya mvua sikusikia. Akasema tena, akipaza sauti, na mtoto akamshinda. Basi akachukua daftari lake, akaandika, akanionyesha: «Maternité ibaki hapa. Nitaleta vitanda viwili.»

Nikamnyang'anya kalamu, nikaandika chini yake: «Vitatu.»

Vinakuja Jumatatu.

Jokébed